Kurisiti LSAT ukiwa Mwanza: ujisomee, ununue kozi, umlipe mwalimu au mkae disikasheni?

Alama zimetoka, hazikufika zinapotakiwa na vyuo ulivyovipanga, na umeshaamua kurisiti. Kilichobaki ni kuamua utasomaje safari hii. Ukiuliza kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaotafuta vyuo vya nje utapewa majibu manne kabla chai haijapoa: kaa chini ukomae mwenyewe, nunua kozi, tafuta mwalimu, tafuteni wenzenu mkae pamoja. Kila anayejibu anasifia njia iliyomfaa yeye. Hapa nimeziweka zote nne kwenye mizani moja, uone ipi inaendana na tatizo lako, mfuko wako na maisha ya hapa kwetu ziwani.

Tuwekane sawa kabla hatujaanza. LSAT ni mtihani wa kuombea shahada ya sheria ya JD nchini Marekani, na pia katika vyuo vingi vya Kanada vinavyofundisha sheria kwa Kiingereza. Kama umemaliza LLB yako (shahada ya kwanza ya sheria) pale SAUT Malimbe na unachotafuta ni LLM (shahada ya pili ya sheria), mtihani huu haukuhusu, na hela hiyo ina matumizi mengine.

## Kwanza ujue kilichokuangusha

LSAT ya sasa ina sehemu nne, kila moja dakika 35. Tatu ndizo zinazohesabiwa: mbili za hoja za kimantiki na moja ya ufahamu. Ya nne haihesabiwi, inaweza kuwa ya hoja au ya ufahamu, na hutaambiwa ni ipi. Baada ya sehemu ya pili kuna mapumziko ya dakika 10. Alama zinaanzia 120 hadi 180. Jibu la kukosea halikupunguzii kitu, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kutupa bahati yako bure.

Yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki yaliondolewa Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya mwaka 2019 katika kesi iliyofunguliwa na watahiniwa wasioona. Ukipewa kitabu cha zamani chenye sura nzima za mafumbo hayo, ziruke. Kwa anayerisiti mabadiliko haya ni makubwa, maana sasa takriban theluthi mbili ya maswali yanayohesabiwa ni ya hoja. Aliyekuwa akijiokoa kwa mafumbo hana tena pa kukimbilia.

Maswali ya mitihani mingi ya siku hizi hayatolewi hadharani, kwa hiyo huwezi kuipata pepa yako uikague. Badala yake chukua pasti pepa moja ambayo hujawahi kuigusa kwenye LawHub, jukwaa la LSAC wenyewe wanaotunga mtihani. Ifanye kwa saa, yaani ukijipima muda, bila kusimama. Ukimaliza usitazame majibu. Rudia kila swali ulilokuwa na shaka nalo, safari hii bila saa, na uandike kwa nini chaguo ulilochukua ni sahihi na mengine yana kasoro gani. Kisha sahihisha mara mbili: alama za kwa saa na alama za bila saa.

Nikupe mfano nilioutunga. *Kila mbalamwezi ikiwa kali, bei ya dagaa hupanda Mwaloni Kirumba. Basi mbalamwezi huwaongezea watu hamu ya dagaa.* Mtu wa Mwanza atacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka taa hazivuti, mzigo unapungua, bei inapanda. Umeiona sababu nyingine kwa haraka kwa kuwa ziwa unalijua. LSAT itakupa kasoro hiyohiyo ndani ya habari za visukuku vya wanyama au ushuru wa mji usiokuwepo, na hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Asiyeiona kasoro hata bila saa ana tatizo la uelewa. Anayeiona baada ya dakika tatu ana tatizo la kasi. Na yupo wa tatu, ambaye nyumbani anapata alama nzuri kwa saa na bila saa lakini siku ya pepa zinashuka. Huyo hakukosa maarifa.

Mvuvi hashoni upya wavu mzima kwa ajili ya tundu moja. Wengi wanaonunua kozi ya pili hawajui tundu lao liko wapi.

## Vigezo

Nimetumia vinne kwa kila njia: gharama yote pamoja na zile zilizojificha, tatizo ambalo njia hiyo hulitibu, namna inavyokubaliana na mazingira ya hapa, na mtu inayemfaa. Sikuweka kigezo cha nani alipata alama ngapi kwa njia ipi. Hadithi za namna hiyo ni nyingi mitandaoni, lakini aliyepanda pointi kumi huenda alianzia mahali tofauti kabisa na ulipo wewe.

## Kujisomea mwenyewe

Gharama. Ndiyo nafuu kuliko zote. Akaunti ya LawHub ya bure ina pasti pepa chache rasmi. Ile ya kulipia ni karibu dola 120 kwa mwaka na inafungua zaidi ya 50, zote zikiwa zimepangwa upya kwa muundo wa sasa. Kwa anayerisiti, wingi huo ni muhimu, kwa kuwa pepa nyingi za bure huenda alishazimaliza mara ya kwanza. Khan Academy, waliokuwa na masomo ya bure ya LSAT, waliyaondoa mwaka 2024, kwa hiyo usishangae ushauri wa zamani ukikupeleka kwenye mlango uliofungwa.

Inachotibu. Kasi, kuliko kitu kingine chochote. Kasi huja kwa kuona aina moja ya swali mara nyingi hadi uitambue kwenye sentensi ya pili, na hakuna mwalimu anayeweza kuikazia kwa niaba yako. Hutibu pia uelewa, mradi uwe na daftari la makosa lililo hai. Wengi huandika "nilikosea swali la 14, jibu ni C" na kufunga. Hilo halina faida. Andika ni nini kilikuvutia kwenye jibu la uongo, ni neno gani kwenye hoja ungeliona usingevutika, na utatazama nini swali la aina hiyo likirudi. Chukua hii: *Hakuna boti inayoruhusiwa kutoka bila majaketi ya kuokolea. Boti hii ina majaketi. Basi itaruhusiwa.* Ukinasa hapo, andika kwamba umechanganya sharti linalohitajika na sharti linalotosha, kwa maneno yako, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayofikiria. Daftari ni lako, msahihishaji hatalisoma.

Hatari ya njia hii ni kujidanganya. Ukirudia maswali uliyokwisha kuyaona, alama zitapanda, na utadhani umeiva kumbe umekumbuka. Tenga pasti pepa kadhaa ambazo hutazigusa hadi wiki za mwisho.

Mazingira ya hapa. Unapanga muda wako mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayefunga duka Makoroboi saa mbili usiku au anayerudi Igoma kwa daladala akiwa amechoka. Alfajiri ndiyo inayowafaa wengi: jirani hajawasha redio na mafundi gereji bado wamelala. Mvua ikipiga bati, sahau ufahamu. Fanya mapitio ya makosa. Pepa nzima kwa saa inahitaji intaneti isiyokatika na betri iliyojaa, kwa hiyo uwe na bando la akiba kwenye simu kabla hujaanza. Fanyia mazoezi kwenye kompyuta, hata ya kuazima, kwa sababu mtihani wenyewe uko kwenye kompyuta.

Inamfaa mwenye nidhamu ambaye bila saa anafanya vizuri. Aliyekaa miezi na pasti pepa mara ya kwanza na alama hazikusogea, akirudia njia hii bila kubadilisha kitu, atapata alichopata.

## Kozi ya mtandaoni

Gharama. Zipo za kulipia kwa mwezi, makumi ya dola, na zipo za madarasa ya moja kwa moja zinazovuka dola elfu moja. Gharama iliyojificha ni mbili. Kozi zinazotumia maswali rasmi kwa kawaida hukutaka uwe pia na LawHub ya kulipia, kwa hiyo zile dola 120 hazikwepeki. Ya pili ni bando, kwa kuwa video hula data.

Inachotibu. Uelewa. Kozi nzuri inakupa mpangilio: aina za maswali ya hoja, kasoro zinazojirudia, jinsi ya kusoma kifungu kirefu ukitafuta msimamo wa mwandishi badala ya kukariri vitu. Inakupa pia takwimu zako, kwamba unakosa zaidi maswali ya kudhoofisha hoja kuliko ya kutafuta dhana iliyofichwa, jambo ambalo kwenye daftari lingekuchukua wiki kuligundua. Haitibu kasi sana. Kutazama mtu akitatua swali ni starehe. Kichwa kinaitikia, na jioni unajiona umepiga msuli kumbe umeangalia runinga.

Mazingira ya hapa. Video unazitazama muda unaotaka. Madarasa ya moja kwa moja ndiyo yana mtihani wake: darasa la saa moja jioni New York ni saa nane usiku Mwanza, na Marekani wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba linakuwa saa tisa usiku. Mtu wa kazi za mchana hatadumu. Kabla ya kulipa uliza kama madarasa yanarekodiwa.

Inamfaa aliyeingia mtihani wa kwanza bila msingi, yaani alijua LSAT ipo, akafanya pasti pepa chache, akaenda. Kama mara ya kwanza ulimaliza kozi nzima, ya pili ya kampuni nyingine itakufundisha mambo yaleyale kwa majina mapya.

## Mwalimu binafsi

Gharama. Kwa walimu wa Marekani, mara nyingi dola 100 na zaidi kwa saa. Hapa Mwanza mwalimu wa LSAT wa ana kwa ana ni nadra, hivyo itakuwa kwa video, na malipo kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu.

Inachotibu. Kosa usiloliona mwenyewe. Wapo wanaosoma hoja vizuri lakini wanabadilisha jibu sahihi dakika ya mwisho; wapo wanaosoma majibu kabla ya kuelewa swali. Daftari halikuambii hilo. Mtu anayekusikiliza ukifikiri kwa sauti atakuambia ndani ya saa moja.

Ndiyo maana simshauri mtu alipie saa nyingi za kufundishwa misingi. Misingi iko kwenye kozi na kwenye LawHub kwa bei ndogo zaidi. Mwalimu mpelekee daftari la makosa siku mbili kabla ya kipindi, mkae kwenye yale yanayokushinda, kisha uende ukayafanyie kazi wiki mbili kabla ya kipindi kingine. Muulize alama zake mwenyewe na kama ana uzoefu na wanafunzi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wetu wengi ufahamu unawachelewesha kwa urefu wa sentensi za Kiingereza, na mwalimu asiyelijua hilo atadhani mantiki ndiyo tatizo.

Mazingira ya hapa. Saa moja moja inapangika, kwa mfano jioni yetu ambayo kwao ni asubuhi au mchana. Umeme ukikatika kipindi kikiwa kinaendelea, fedha inaweza kuwa imeondoka, kubalianeni mapema.

Inamfaa aliyekwama mahali pamoja kwa muda mrefu licha ya kusoma, na mwenye hela ya vipindi vichache bila kugusa ada ya mtihani, ambayo yenyewe inapita dola 200.

## Disikasheni

Gharama. Nauli, vocha na soda. Kila mmoja awe na akaunti yake ya LawHub. Akaunti za bure zinatosha kuanzia, kwa kuwa nyote mtakuwa na pepa zilezile. Achaneni na mafaili ya wizi yanayozunguka kwenye simu. Mengi ni ya muundo wa kabla ya 2024 na yatawapotezea muda.

Inachotibu. Uelewa wa juujuu, ule wa "niliona tu kuwa ni D". Mtu akikuuliza, "Dada, kwa nini B siyo?" na ukashindwa kumjibu, umegundua kwamba ulibahatisha. Kanuni inayofanya kazi ni hii: kila mmoja aje ameshafanya, na anayezungumza lazima aeleze kasoro ya majibu manne yaliyokataliwa kabla ya kutetea lile moja. Bila kanuni hiyo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa sahihi.

Mazingira ya hapa. Ugumu wake ni watu. Wanaofanya LSAT Mwanza ni wachache, na pengine utapata mwenzako mmoja tu Nyegezi na wengine Dar, Nairobi au Kampala kwa simu. Unaweza kushirikisha marafiki waliosoma sheria, ila nitoe angalizo: wanasheria hubishana na swali. Huleta kifungu, huleta kesi, huuliza mazingira yalikuwaje. LSAT inataka kilichoandikwa pale na si zaidi. Kama mna kikao cha ana kwa ana, maktaba ya mkoa inafaa kwa kufanya pepa kimya kwanza, kisha mjadala mwende nao nje.

Inamfaa anayechoka upweke na anayehitaji kuwajibika kwa mtu. Peke yake haitoshi kwa tatizo la kasi, kwa kuwa kundi daima huenda polepole.

## Yasiyotegemea njia

Mwaka 2025 LSAC walitangaza kwamba kuanzia mtihani wa Agosti 2026 watahiniwa wengi watafanyia kwenye vituo, na kufanyia nyumbani kutabaki kwa wenye sababu maalumu. Fungua akaunti yako ya LSAC uone kituo kilicho karibu kabla hujachagua tarehe, kwa sababu nauli, malazi na pasipoti iliyo hai vinaingia kwenye bajeti ya kurisiti.

Kuna kikomo pia cha kufanya mtihani: mara 5 ndani ya kipindi ambacho alama zako zinaripotiwa kwa vyuo, na mara 7 kwa maisha yote. Matokeo uliyoyafuta nayo yanahesabiwa. Vyuo huona alama zako za kipindi hicho, ila kwa taarifa zao rasmi wanatumia ya juu zaidi, na ndiyo maana kurisiti kunalipa. Insha inayoambatana na LSAT, kama ulishaifanya na iko kwenye faili, hulazimiki kuirudia. Na vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kuanzia Septemba na huanza kutoa nafasi kadiri yanavyoingia. Tarehe ya mbali inakupa muda wa kusoma lakini inakula nafasi.

## Kwa hali yako

Alama za bila saa ziko juu, za kwa saa ziko chini: jisomee, weka hela mfukoni. Fanya sehemu moja moja za dakika 35 siku za kazi na pepa nzima isizidi moja kwa wiki, muda uliobaki uwe wa mapitio.

Zote mbili ziko chini na hukuwahi kupata mafunzo: kozi ya mwezi kwa mwezi yenye video, ukishamaliza misingi isitishe, uhamie kwenye pasti pepa. Ukiwa na mwenzako, kutaneni Jumamosi kwa yale yaliyowashinda wiki hiyo.

Hoja unaziweza ila ufahamu unakuacha nyuma: tatizo pengine ni kusoma Kiingereza kirefu, na kozi ya LSAT italigusa kidogo tu. Soma kila siku makala ndefu za sayansi, sanaa na sheria, zile usizozipenda hasa, na baada ya kila aya useme kwa sentensi moja mwandishi anataka nini. Ongeza vifungu viwili vya LawHub, ukijipima kwa saa.

Nyumbani uko vizuri, siku ya pepa unashuka: usinunue chochote. Fanya pepa kamili kwa saa ileile utakayofanyia, mahali usipopazoea, na mapumziko ya dakika 10 pekee. Kama kituo kiko nje ya Mwanza, fika siku moja kabla. Basi la usiku na mtihani wa asubuhi havipatani.

Umekwama alama ileile muda wote: mwalimu, vipindi vichache, daftari likitangulia.

Umebakiza jaribio moja kabla ya kikomo: usijisajili bado. Ngoja hadi pasti pepa tatu mfululizo ambazo hujawahi kuziona zikupe alama unayoitaka, ndipo uchague tarehe, hata kama maana yake ni kuomba chuo mwaka unaofuata.